Suzanne Lenglen: Malkia wa tenisi aliyechoka kucheza bure

KWA wapenzi wa ngumi, maneno ridhaa na kulipwa si mageni. Bondia wa ridhaa anapigania medali. Wa kulipwa anapigania mkwanja. Sasa fikiria mchezo ambao mashindano yake yote makubwa ni ya ridhaa tu, na siku ukigusa hela ya mchezo unafungiwa mlango moja kwa moja.

Tenisi ilikuwa hivyo hadi mwaka 1968. Wimbledon, Ufaransa, Marekani, Australia, kote sheria moja. Bingwa anapewa kombe, anapigiwa makofi, anarudi nyumbani. Hela za viingilio? Hizo ni za waandaaji.

Supastaa mkubwa wa kwanza kuukataa mpango huo alikuwa mwanamke. Anaitwa Suzanne Lenglen, Mfaransa, na alifanya hivyo mwaka 1926 akiwa na miaka 27, wakati hakuna mwanamke duniani aliyekuwa akimuweza.

Leso chini, mpira juu yake

Suzanne alizaliwa Paris, Mei 24, 1899. Familia haikuwa ya njaa. Baba yake, Charles, alirithi biashara ya mabasi yaliyokokotwa na farasi, na majira ya baridi walihamia Nice, mji wa pwani kusini mwa Ufaransa ambako jua halikatiki sana.

Mtoto alikuwa wa kuugua ugua, pumu ikimsumbua. Mwaka 1910 baba yake akamnunulia raketi ya kuchezea, lengo likiwa achangamshe mwili tu. Ndani ya muda mfupi mzee akaona kitu. Mtoto ana macho, ana miguu, na anapenda.

Charles mwenyewe hakuwa mchezaji wa maana. Alichokuwa nacho ni jicho. Alikaa pembeni ya viwanja vya klabu ya Nice akiwaangalia watu wanavyocheza, akagundua kwamba wanawake wengi wa enzi hizo wanasimama nyuma na kurudisha mpira tu, wakati wanaume wanasogea mbele kwenye wavu na kushambulia. Akaamua binti yake atacheza ile ya pili.

Mazoezi yakawa ya kijeshi. Mzee alitandika leso kwenye kona ya uwanja, Suzanne akatakiwa kuipiga kwa mpira. Akiipatia, leso inahamishwa kona nyingine. Saa nzima hivyo, siku nzima hivyo. Wapinzani wake wa mazoezi walikuwa wanaume, na akikosea alifokewa mbele za watu bila aibu.

Leo tungesema mengi kuhusu mzazi wa namna ile. Ila matokeo yalikuja haraka kupita kiasi. Mwaka 1914, akiwa hajatimiza miaka 15, alifika fainali ya ubingwa wa Ufaransa na kupoteza kwa Marguerite Broquedis. Wiki chache baadaye, akiwa ametoka tu kutimiza 15, akabeba ubingwa wa dunia wa viwanja vya udongo pale Saint-Cloud, jirani na Paris.

Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Mashindano makubwa ya Ulaya yakasimama, na binti akatumia miaka yote ile kujifua Nice.

Wimbledon, Julai 1919

Vita ilipoisha, Suzanne akaenda Uingereza. Alikuwa hajawahi kucheza mashindano kwenye nyasi.

Mbele yake kwenye fainali alikuwepo Dorothea Lambert Chambers, Mwingereza wa miaka 40, bingwa wa Wimbledon mara saba. Mfumo wa zamani ulimruhusu bingwa mtetezi kusubiri fainali akiwa amekaa, kwa hiyo bibi huyo alikuwa hajatoka jasho. Mfalme George V na Malkia Mary walikuwepo jukwaani.

Kabla hata mpira haujapigwa, gumzo lilikuwa ni nguo. Dorothea alivaa kama wenzake wote, sketi ndefu hadi karibu na kifundo cha mguu na blauzi ya mikono mirefu. Suzanne alitoka na gauni jepesi lililoishia kwenye ndama za miguu, mikono wazi, na ndani hakuvaa ule mkaja mgumu wa kubana kiuno ambao wanawake wa Ulaya walivaa hadi uwanjani. Wapo walioona ni utovu wa adabu. Kiukweli alichokuwa anakitafuta ni kukimbia na kuruka bila kubanwa.

Na kati ya seti alikuwa akipiga funda la brandi. Ndiyo, pombe, uwanjani, mbele ya mfalme. Baba yake ndiye aliyekuwa anamletea.

Mechi yenyewe ilikuwa vita. Suzanne alichukua seti ya kwanza 10-8, Dorothea akajibu 6-4. Seti ya tatu, Dorothea akafika 6-5 na pointi mbili za ubingwa mkononi. Ya kwanza Suzanne aliokoka kwa bahati, maana mpira uligonga mbao za raketi yake badala ya nyuzi, ukapanda, ukavuka wavu kwa shida. Ya pili akaiokoa kwa pigo safi la upande wa kushoto.

Akashinda 9-7. Zilichezwa gemu 44, na ilipita hadi mwaka 1970 kabla fainali nyingine ya wanawake Wimbledon haijazidi hapo.

Nyomi

Baada ya hapo ilikuwa ni yeye tu. Wimbledon alibeba 1919, 1920, 1921, 1922, 1923 na 1925. Mwaka 1924 aliugua manjano akajitoa katikati ya mashindano. Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920 alitoka na dhahabu mbili, moja ya peke yake ambayo aliipata kwa kupoteza gemu nne tu mashindano mazima, na nyingine ya mchanganyiko akiwa na Max Decugis.

Kwa wanawake wawili wawili alicheza na Mmarekani Elizabeth Ryan, na Wimbledon hawakuwahi kupoteza mechi wakiwa pamoja.

Watu walikuja kumtazama kwa wingi ambao tenisi ya wanawake haikuwahi kuuona. Alikuwa anaruka kama mcheza ngoma wa jukwaani, mguu mmoja hewani, na kichwani amefunga kitambaa cha hariri cha rangi kali. Nguo alishonewa na Jean Patou, mbunifu mwenye jina kubwa Paris. Wasichana wa mjini wakaanza kufunga vitambaa kama yeye.

Mwaka 1922 Wimbledon ilihamia uwanja mpya na mkubwa zaidi, ule ule unaotumika hadi leo. Uwanja wa zamani wa Worple Road ulikuwa umeelemewa na umati. Yeye hakuwa sababu pekee, lakini foleni za mashabiki wake zilikuwa zinaonekana na kila mtu.

Hapa ndipo penye utata. Viingilio vinaongezeka, uwanja unajengwa, magazeti yanauzika. Aliyeleta watu hao anapewa kombe na pole. Kulikuwa na fadhila za chini ya meza kwa mastaa, nauli na hoteli nzuri, lakini mshahara hapana. Mchezo uliendeshwa na watu wenye mali zao, na wao hawakuona shida mtu akicheza bure.

Kikohozi cha New York

Kitu kimoja kilichomuuma muda mrefu ni safari ya Marekani mwaka 1921.

Alikwenda kucheza mechi za kuchangia maeneo ya Ufaransa yaliyoharibiwa na vita. Baba yake hakusafiri naye. Alifika akiwa anaumwa, siku chache tu kabla ya mashindano ya ubingwa wa Marekani kuanza Forest Hills, New York. Mpinzani wa kwanza akajitoa, na mara moja akajikuta anakutana na bingwa mtetezi, Molla Mallory, mzaliwa wa Norway.

Mallory alikuwa anapiga mpira kwa nguvu na hakumuogopa mtu. Seti ya kwanza ikaisha 6-2 kwa Mallory. Mwanzoni mwa ya pili Suzanne akaanza kukohoa na kulia, akamfuata mwamuzi, akasema hawezi kuendelea.

Wamarekani hawakumuonea huruma. Alizomewa akitoka uwanjani, na magazeti yakamuita mtu wa kukimbia mechi akizidiwa.

Mwaka uliofuata wawili hao wakakutana fainali ya Wimbledon. Suzanne alimaliza kazi 6-2, 6-0, kwa dakika 26. Ile ya Forest Hills ikabaki kuwa mechi pekee ya mmoja kwa mmoja aliyopoteza kuanzia mwaka 1919 hadi alipoacha ridhaa.

Cannes, Februari 16, 1926

Kama ungeishi Ulaya mwanzoni mwa mwaka 1926, mechi moja tu ingekuwa midomoni mwa watu. Helen Wills, binti wa miaka 20 kutoka California, bingwa wa Marekani mara tatu mfululizo, alivuka bahari kuja kumtafuta Suzanne.

Walikutana Cannes kwenye viwanja vya klabu ya Carlton. Tiketi ziliuzwa kwa bei za walanguzi, na waliokosa walipanda juu ya miti na mapaa ya nyumba jirani. Wachezaji wenyewe walikuwa wa ridhaa, kwa hiyo kwenye hela ile hawakuwa na fungu.

Suzanne alichukua seti ya kwanza 6-3. Ya pili ikawa ngumu. Akiwa mbele 6-5 na pointi ya ushindi, Helen akapiga mpira wa kasi kwenye kona na sauti ikasikika ikisema umetoka. Mechi imeisha. Wakapeana mikono, watu wakamwagika uwanjani na maua.

Kumbe bado. Mwamuzi wa mstari akapenya katikati ya umati kumwambia mwamuzi mkuu kwamba yeye hakuita kitu, mpira ulikuwa ndani, aliyepiga kelele ni mtazamaji. Uwanja ukasafishwa, mechi ikaendelea.

Hebu jiweke pale. Umeshashinda, umeshapewa maua, halafu unaambiwa rudi. Gemu ile Helen akaichukua, ikawa 6-6. Suzanne hakubishana. Alirudi nyuma ya mstari akacheza, akamaliza 8-6.

Baadaye alilia sana. Yeye na Helen hawakukutana tena uwanjani mmoja kwa mmoja, maana miezi michache mbele Helen alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na Suzanne naye akawa ameshaaga.

Malkia anasubiri

Juni ile ile Wimbledon ilikuwa inaadhimisha jubilei yake ya miaka 50. Chama cha Ufaransa kilimlazimisha Suzanne aachane na Ryan kwenye wawili wawili na kucheza na Mfaransa mwenzake, Didi Vlasto. Hilo tayari lilimkera.

Kisha ukatokea mkanganyiko wa ratiba. Alipangiwa mechi ya peke yake siku moja na ile ya wawili wawili. Akaomba ya kwanza isogezwe, ujumbe haukufika ulikotakiwa kufika. Alipoingia uwanjani mchana, Malkia Mary alikuwa ameshakaa jukwaani akimsubiri na viongozi wa mashindano wamefura.

Wakamkaripia. Yeye akaangua kilio, akajifungia chumba cha kubadilishia nguo, na mechi ikaahirishwa. Kwa Waingereza, kumsubirisha malkia ilikuwa kosa la kutosamehewa. Alipotoka kucheza siku zilizofuata umati uliokuwa ukimshangilia kwa miaka saba ukamgeuka. Akajitoa kwenye mashindano, na hakucheza tena Wimbledon.

Nyumbani nako mambo hayakuwa mazuri. Baba yake alikuwa mgonjwa, na hela za familia hazikuwa kama zamani.

Dola 50,000

Hapo ndipo akatokea promota wa Kimarekani, C. C. Pyle, mtu wa dili za michezo ambaye alishamfanya mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, Red Grange, apate utajiri. Pyle akaweka mezani dola 50,000 kwa ziara ya miezi minne.

Ili upate picha, Babe Ruth, nyota mkubwa kuliko wote wa besiboli, mwaka huo alilipwa dola 52,000 kwa msimu mzima.

Suzanne akasaini Agosti 1926. Sababu zake alizieleza wazi kwenye kitabu cha ratiba ya ziara. Kwa miaka mingi alikuwa amewaingizia wengine mamilioni ya faranga huku yeye akilipia hadi ada za kuingia mashindanoni. Aliuliza kwa nini mchezaji wa tenisi aishi kwa kumtegemea mtu mwingine wakati kazi anaijua. Na alisema sheria ya ridhaa inamfaa mwenye mali, maana maskini hawezi kucheza mwaka mzima bila kipato. Ukiisoma hoja hiyo leo unaona haina hata kona ya kubishia.

Wenye mchezo hawakuipenda. Klabu ya Wimbledon ikamfutia uanachama wa heshima, na magazeti ya kwao yakamnanga kwa kuuza jina kwa dola.

Oktoba 9, 1926 ziara ikafunguliwa New York, ukumbi wa Madison Square Garden, mbele ya watu wapatao 13,000. Mpinzani wake wa kudumu alikuwa Mary K. Browne, Mmarekani wa miaka 35 aliyewahi kuwa bingwa wa Marekani mara tatu kabla ya vita. Walizunguka miji ya Marekani, wakaenda Canada, Cuba na Mexico.

Walicheza mara 38. Suzanne alishinda zote 38. Hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wa mpango mzima. Wachezaji wazuri wa kike walibaki ridhaa wakiogopa kufungiwa Wimbledon, kwa hiyo hakukuwa na mtu mwingine wa kumleta. Februari 1927 ziara ikaisha, Pyle akahesabu faida yake na kuachana naye. Mwaka huo huo alicheza mechi chache Uingereza, kisha basi. Miaka 28, bado anajua kuliko wote, hana pa kuchezea.

Shule ya watoto

Baba yake alifariki mwaka 1929. Miaka ya 1930 Suzanne aliishi Paris na mama yake. Alifanya kazi ya mavazi ya michezo, akaonekana kidogo kwenye filamu ya Kiingereza ya mwaka 1935, na zaidi ya yote akafungua shule ya tenisi. Watoto walimpenda. Aliyefundishwa kwa leso na kufokewa alikuwa mwalimu mpole, na vitabu vyake vya kufundishia mchezo vilisomwa hadi Uingereza.

Kiangazi cha 1938 afya ikaporomoka ghafla. Alikuwa na upungufu mkali wa damu, na siku za mwisho macho yalipoteza nuru.

Julai 2, 1938, Helen Wills, yule binti wa Cannes, alibeba Wimbledon kwa mara ya nane. Siku mbili baadaye, Julai 4, Suzanne alifariki Paris akiwa na miaka 39. Alizikwa makaburi ya Saint-Ouen.

Ukiangalia mashindano ya Roland Garros kwenye TV utasikia jina lake kila siku. Uwanja wa pili kwa ukubwa pale unaitwa Suzanne Lenglen, na kombe analonyanyua bingwa wa wanawake linaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1968, miaka 42 baada ya yeye kusaini na Pyle, Wimbledon iliwafungulia mlango wachezaji wa kulipwa kwa mara ya kwanza. Rod Laver, bingwa wa wanaume, alipewa pauni 2,000. Billie Jean King, bingwa wa wanawake, alipewa 750. Kulipwa sawasawa kulianza mwaka 2007.